Malalamiko Dhidi ya Kutengenezwa kwa Skrini ya Pampu

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Maji.

Kuh: Ombi la kuharibu upya muunganisho wa skrini ya ufuatiliaji na seva ya pampu

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka chumba cha ufuatiliaji, ghorofa ya pili, mkabala na choo kilichofungwa. Mwili wangu ni mzima. Habari za moyo wangu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Kwanza niwie radhi kwa kukuandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mkuu wa kitengo changu. Mkuu wa kitengo cha ufuatiliaji ni mimi, na mtumishi pekee wa kitengo hicho pia ni mimi. Nilipojiwasilishia malalamiko haya niliyakubali yote bila kupinga hata moja, kwa hiyo utaratibu unanielekeza kwako.

Kwa faida ya wale utakaowapa nakala, nieleze kazi yangu. Pampu zetu tatu ziko kwenye kituo cha pampu nje ya mji. Zinaendeshwa na programu iliyo ndani ya seva, na seva hiyo imewekwa palepale kituoni, kwenye kachumba kenye feni na harufu ya grisi. Mimi niko huku makao makuu. Wajibu wangu ni kuitazama programu hiyo kwa mbali, kupitia mtandao, kwenye skrini yangu. Pampu ikizunguka vizuri alama yake huwa kijani. Ikisimama au ikiumwa huwa nyekundu, na skrini hupiga mlio. Kuna pia vitufe vya kuisimamisha pampu kutoka huku, ambavyo sikuwahi kuvihitaji. Kabla ya skrini tulikuwa tunategemea simu za mwendesha pampu, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Naomba ieleweke kwamba aliajiriwa kabla mimi sijamwoa dada yake. Kama kuna undugu uliotumika hapa, basi yeye ndiye aliyeniingizia dada.

Utakumbuka kwamba skrini ilipofungwa mwanzoni ilikataa kabisa. Kila nilipobofya kuunganisha, ilinijibu kwamba muunganisho umekataliwa, bila hata kusema samahani. Nikamwendea mlinzi wetu wa mtandao, ambaye jengo zima linamwita Komeo. Kompyuta, Ndugu Mkurugenzi, husemezana kupitia milango yenye namba, na Komeo hajawahi kuuona mlango wa namna hiyo uko wazi akaupita hivi hivi. Alinifungulia mmoja kwa uchungu, kama mtu anayetoa figo. Seva ikaitikia hodi yangu kwenye mlango huo, kisha ikaniambia kwamba mazungumzo yenyewe yatafanyika mlango mwingine. Komeo akafungua na huo. Seva ilipozimwa na kuwashwa, ikachagua mlango mwingine tena. Ilikuwa kama kumtembelea mtu anayekuitikia ukiwa barazani, ukiingia sebuleni anakuita kutoka jikoni, ukifika jikoni unasikia anakohoa uani.

Sikukata tamaa. Nilibadilisha neno la siri. Nilizima na kuwasha. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha kiti. Hatimaye asubuhi moja nilibofya tu, kwa mazoea, na skrini nzima ikawa kijani: pampu zote tatu, tangi, kila kitu. Sikujua nimefanya nini, na niliogopa kuchunguza jambo lisije likaharibika. Wewe mwenyewe ulipanda ngazi ukaja kusimama nyuma yangu. Ulisema, "Hiki ndicho nilichokuwa nataka kukiona miaka yote." Kisha ukaniamuru nisiguse kitu. Nataka iandikwe kwenye faili langu kwamba sikugusa.

Baada ya utangulizi huo, yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Kwamba nimenyang'anywa amani niliyoipata kihalali.

Siku za kijani zilikuwa siku za kazi. Taarifa yangu ya kila wiki ilikuwa haizidi mistari mitatu na haikumuudhi mtu. Wageni wakija ulikuwa unawaleta kwangu kabla hata ya kuwapa chai. Niligundua mambo ambayo idara haikuwahi kuyajua. Kwa mfano, nilipoenda kula mchana, kipimo cha kazi ya mashine kilishuka; nikaripoti kwamba wananchi hawatumii maji wakati wa chakula. Siku niliyofungua, kwenye kompyuta hiyohiyo, video ya harusi ya binamu yangu ili nimtafute shangazi mmoja kwenye umati, mashine ilielemewa na skrini ikalia. Nikaripoti ongezeko la ghafla la mahitaji ya maji mjini. Taarifa hiyo uliisoma mbele ya bodi. Ulipigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika waya wa projekta, lakini nilihesabu kwamba sehemu ya makofi hayo ni yangu.

2. Kwamba wananchi wa mtaa wa mlimani hawaamini taarifa rasmi.

Tukiwa katikati ya ufanisi huo, simu zikaanza kuingia mapokezi kwamba mabomba ya mlimani yamekauka. Dada wa mapokezi alinipigia kuuliza. Nikaangalia skrini, nikamwambia tangi limejaa karibu kufurika. Akawa anawajibu hivyo, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba maji yanapaswa kuwa yanatoka. Mama mmoja alimuuliza, "Sasa mwanangu, ndoo niiweke chini ya bomba au chini ya simu?" Dada wa mapokezi hana mafunzo ya kujibu swali kama hilo, akakata simu na kwenda kulia stoo.

Hata zahanati ya mlimani iliandika. Walidai kwamba wauguzi wa wodi ya wazazi wanapandisha maji kwa madumu, na kwamba mama aliyejifungua asubuhi ameogeshwa jioni. Niliumia sana kuona watu waliosoma, wenye vyeti ukutani, wakiamini bomba na kuacha skrini. Niliwajibu kwa barua, nikawatumia na picha ya tangi.

3. Kwamba shemeji yangu alinivunjia heshima kazini, na jambo hilo likanifuata hadi nyumbani.

Katika kipindi hicho mwendesha pampu alinipigia akasema, "Shemeji, pampu ya pili imekufa." Nilimwambia kwa utulivu kwamba haijafa, ninaiona inazunguka, na alama yake ni kijani kizuri tu. Akasema, "Nimeiegemea hapa nilipo." Nikamshauri aende akaiangalie tena. Akasema atanisikilizisha, akaisogeza simu kwenye pampu, na kwa muda mrefu nikawa nasikia feni ya kale kachumba na kunguru. Aliporudi hewani nikamweleza kwamba kimya si taarifa rasmi, na kwamba kama ana malalamiko kuhusu pampu ayapitishe kwenye programu. Akanitamkia neno ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa barua hii itasomwa na katibu wako.

Jioni hiyohiyo dada yake, yaani mke wangu, alikuwa ameshapata habari. Tangu hapo akawa anaongea nami kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kipo mezani." "Muulizeni baba yenu kama skrini imemwambia ameshiba." Mtoto wa mwisho, ambaye bado hatamki vizuri, alikuwa analeta ujumbe umepinda, na mara mbili nimelala bila kujua kama nimesamehewa.

4. Kwamba nililetewa mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi mlimani. Yeye ndiye mama wa mke wangu, na ndiye mama wa mwendesha pampu pia, kwa hiyo habari za pampu alikuwa anazipata kutoka pande zote isipokuwa upande wangu. Siku moja alikuja na beseni mbili za nguo kwa kuwa kwetu bondeni maji yalikuwa bado yanachuruzika. Akafua, akaanika, zikakauka, akazikunja, hakuondoka.

Simlalamikii yeye. Ni mtu wa heshima zake na kila kitu anakifanya kwa adabu, na hapo ndipo penye maumivu. Tukiwa mezani aliniuliza, "Mkwe wangu, hilo tangi lenu limejaa nini?"

Nikasema, "Limejaa maji, mama."

"Umeyaona?"

Nikamweleza kwamba nayaona kila siku, kwenye skrini. Akaniangalia, akaangalia sahani yake, akasema, "Haya, baba." Kama una mama mkwe, Ndugu Mkurugenzi, unaijua hiyo "haya, baba." Nilishindwa kumalizia chakula. Kesho yake nilimkuta amejaza maji kila chombo cha nyumba yangu, pamoja na jagi la wageni na viatu vya mpira vya mtoto, na aliponiona alisema tu kwamba ni tahadhari yake mwenyewe, nisijali, anajua skrini inaniambia yapo.

5. Kwamba Komeo aliingia ofisini kwangu na kunitengenezea muunganisho bila idhini yangu.

Hili ndilo shina la barua, nitaomba uvumilivu.

Komeo alikuja kuazima chaja. Akainama chini ya meza kuichomoa, akakaa kule chini muda usio wa kawaida. Kisha akatokeza kichwa akauliza, "Mkubwa, huu waya wako wa mtandao mbona uko nje?"

Nikamwambia mfagiaji huuchomoa anapopiga deki, na baadaye mimi huurudisha. Siku hiyo nilikuwa bado.

Akasimama. Akaangalia waya ulio mkononi mwake, haujachomekwa popote. Akaangalia skrini yangu, kijani tupu, pampu tatu zinazunguka. Akaangalia waya tena. "Sasa hizi pampu unaziona kupitia wapi?" akauliza.

Kusema kweli hilo ni swali la kitaalamu na nilimwambia kwamba yeye ndiye mtaalamu. Akavuta kiti changu, akakaa, mimi nikasimama. Akabofya huku na kule. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani amepatwa na homa. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka akaweka paji la uso kwenye kibodi, na kibodi ikaandika herufi moja mistari mingi sana ambayo mpaka leo sijaifuta kwa sababu ni ushahidi.

Maelezo yake yalikuwa hivi, nami nayaandika bila kuyaunga mkono. Skrini yangu ilipofika kwa seva na kuuliza, "Nikupate wapi tuzungumze?", seva ilijibu, "Hapahapa." Seva haikudanganya; ilikuwa kituoni, na kwake hapahapa ni kituoni. Ila kompyuta yangu ililisikia jibu hilo ikiwa huku makao makuu, ikaelewa kwamba hapahapa ni hapahapa. Ikajigeukia yenyewe. Na kwa bahati, ndani yake ilikuta nakala ya mazoezi ya programu ya pampu, ile tuliyowekewa wakati wa mafunzo, yenye tangi la kubuni na pampu za kubuni zisizojua kuchoka. Wakaanza kusalimiana. Kwa wiki zote zile, alisema Komeo, kompyuta yangu ilikuwa inajiuliza hali, na inajijibu kwamba nzuri.

Nilimuuliza kama kuna ubaya kompyuta kujijulia hali. Alichomeka waya, akaandika kwenye seva anwani yake ya kweli ili ikiulizwa iko wapi iseme ilipo. Akaipangia mlango mmoja wa kudumu iache kuhamahama. Akaufungua mlango huo mwenyewe, Komeo, bila kuombwa, jambo ambalo lilipaswa kunitisha. Akaizima nakala ya mazoezi. Halafu akabofya kuunganisha.

Ndugu Mkurugenzi, ofisi ilibadilika rangi. Ukuta wa nyuma yangu ulikuwa mwekundu. Mikono yangu ilikuwa myekundu. Pampu ya pili ilikuwa imekufa, kama alivyosema yule mtu niliyemwambia akaangalie tena. Ya tatu ilikuwa inavuja mafuta na ina homa. Tangi lilikuwa na maji ya kulowesha visigino. Mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba dada wa mapokezi alipanda mbio akidhani jengo linaungua. Komeo hakuwa anacheka tena. Alisema taratibu, "Mkubwa, watu hawana maji," kama vile mimi ndiye niliyekuwa sijui. Na kwa mshangao wangu mwenyewe, nilikuwa sijui.

6. Kwamba tangu muunganisho utengenezwe, kila mtu anasumbuka.

Mafundi walipelekwa kituoni, wakafungua pampu ya pili, wakabadilisha beringi, wakaziba mafuta ya tatu, wakapaka rangi ubao wa swichi. Maji yakapanda mlimani. Mtu asiyefikiri sana anaweza kuliita jambo hilo mafanikio, kwa hiyo naomba nieleze hasara zake.

Dada wa mapokezi hapigiwi simu tena. Anafuma. Amefuma kitambaa cha meza yake, cha meza yangu, na juzi nilimwona anapima kiti cha dereva. Zahanati iliandika barua ya shukrani, na kwa kuwa hatujawahi kupokea barua ya aina hiyo hatuna faili la kuiweka. Imekaa juu ya kabati. Wageni hawaletwi kwangu, kwa sababu skrini yenye rangi mbili haipendezi kwenye picha. Taarifa yangu ya wiki imefika kurasa nne, na ndani yake kuna maneno kama "tatizo" na "bado," ambayo nilikuwa nimeyasahau tahajia.

Mimi mwenyewe sipumziki. Zamani nilikuwa naitazama skrini. Sasa skrini ndiyo inanitazama mimi. Nikinyanyua kijiko, inalia. Natakiwa kumpigia shemeji, kusikiliza anachosema, na kukiamini, kwa kuwa skrini inasema hivyo hivyo. Hujui inavyochosha kukubaliana na shemeji kutwa nzima.

Na mama mkwe ameondoka. Siku bomba lake lilipotoa maji alifunga beseni zake akasema, "Nimefurahi kukaa nanyi, mkwe wangu." Alikuwa anamaanisha. Watoto walilia hadi kwenye geti, kwa sababu alikuwa anawasimulia hadithi za mama yao alipokuwa mtukutu. Mke wangu ameanza kuongea nami bila mkalimani, ndiyo, lakini sasa ninasikia kila neno.

Kwa sababu hizo zote, naleta mbele yako maombi manne.

(a) Kwamba muunganisho uharibiwe upya kama ulivyokuwa. Sihitaji bajeti wala mtaalamu kutoka nje. Seva iambiwe tu iendelee kusema "hapahapa" ikiulizwa iko wapi.

(b) Kwamba Komeo apongezwe kwa bidii yake na apangiwe kitengo kisicho na skrini, ikiwezekana bustani. Pale pana geti moja, na anaweza kulifunga kila siku mpaka roho yake itosheke.

(c) Kwamba utaratibu huo uenezwe idara nzima, kwa kuwa nimeuchunguza na sioni kwa nini mimi peke yangu niufaidi. Kitengo cha mabomba yanayovuja kiwekewe skrini inayotazama mabomba ya mazoezi. Kitengo cha malalamiko kiwekewe simu inayojipigia yenyewe na kujishukuru. Mkaguzi akija, tumwonyeshe mkaguzi wa kubuni ambaye ameridhika. Mimi nikifanyiwa tathmini ya mwaka, niulizwe hali ya kazi yangu, nijibu "hapahapa," na jibu hilo liandikwe.

(d) Kwamba hatimaye wananchi nao washirikishwe. Kila nyumba ya mlimani ipewe skrini ndogo ya kijani ikae juu ya bomba. Pampu za kweli zikishaachwa zipumzike, tofauti kati ya tunachokiona sisi na wanachokiona wao itakuwa imekwisha, na nadhani hiyo ndiyo maana ya kauli uliyoiweka kwenye lango letu kuu, ile ya serikali na mwananchi kutazama upande mmoja. Watoto watazaliwa katika mtaa ambao tangi halijawahi kupungua. Kama watakuwa na kiu, itakuwa ni kiu ya kwao binafsi.

Nakuhakikishia kwamba nimeandika haya bila chuki kwa mtu yeyote. Namsalimu katibu wako na namwomba asirekebishe alama zangu za uandishi. Nawasalimu madereva, hasa yule anayesubiri kiti chake kifumiwe. Namsalimu dada wa mapokezi, mfagiaji na waya wake, mafundi waliopaka rangi ubao wa swichi, na wauguzi wa zahanati, wanaojua sasa kwamba barua zao tulikuwa tunazisoma. Msalimie mama mkwe wako. Komeo nitamsalimu mwenyewe, yuko chumba cha pili, ninasikia anafunga kitu.

Ni mimi, niliye macho kwa niaba ya idara,

Mkuu, na mtumishi,
Kitengo cha Ufuatiliaji wa Mbali.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshatia sahihi na kugonga muhuri, natafuta bahasha, skrini ilipolia. Pampu ya tatu imepangwa kujiwasha yenyewe saa nane mchana. Ilikuwa inakaribia kuwaka, na pembeni yake palikuwa na alama nyekundu ambayo sijawahi kuiona: kifuniko kiko wazi. Nilimpigia shemeji. Simu iliita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena. Nikabofya kitufe cha kuisimamisha pampu, nikabofya na cha kuzuia isiwashwe, kisha nikaikalia mikono yangu nisije nikabofya kingine.

Baadaye akapiga yeye. "Shemeji, umeizuia wewe?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Mkono wangu ulikuwa ndani hadi begani, natoa matambara waliyosahau mafundi. Nilishusha swichi iliyoandikwa tatu. Wamepaka rangi wakarudisha vibao vibaya, kumbe nilizima pampu nyingine." Halafu nikasikia anakaa chini juu ya kitu cha bati. Aliniuliza watoto hawajambo, nikasema hawajambo, kama vile hatukuonana Jumapili.

Katika siku zile za kijani ningebofya kitufe hichohicho, na pampu ya kubuni iliyo ndani ya kompyuta yangu ingesimama kwa utii mkubwa.

Dada yake sijamwambia. Mama yao pia bado. Sijui nianzie wapi. Komeo nilimwita, akaja, akasoma yaliyo kwenye skrini, akaniwekea mkono begani, akatoka bila kufunga mlango.

Bahasha nimeipata na muhuri haufutiki, kwa hiyo barua inakufikia kama ilivyo. Ila naomba maombi yote manne yakataliwe, na kama inawezekana yakataliwe leo, kabla mtu hajayapenda.